Fundi Anajibu: Ukuta wa besimenti umetoa tumbo, na bei mbili zimepishana mbali

SWALI: Jambo Baba Fundi. Sisi ni watu wa Bukavu, sasa tunaishi Columbus, Ohio, Marekani. Mwaka jana tulinunua nyumba iliyojengwa miaka ya 1950. Ukuta mmoja wa besimenti (chumba kilicho chini ya ardhi), urefu wake futi 28, umetoa tumbo kuelekea ndani, kama inchi moja na nusu. Kuna ufa uliolala kwenye mstari wa tano wa tofali kutoka juu, na pembeni nyufa zinashuka kama ngazi. Nje yake kuna njia ya gari ya zege, na kutoka ukutani hadi uzio wa jirani ni futi 9. Kampuni ya kwanza inataka dola 5,400, ya pili dola 21,000, tena inasema punguzo lake ni la leo tu. Karatasi zao nimeziambatisha. Mume wangu anasema tupige plasta na kupaka rangi, basi. Tumsikilize nani? – Mama F.

JIBU: Mama F., msisaini kitu kwanza, na umwombe baba watoto aweke mwiko chini. Plasta haishiki ukuta unaosukumwa. Itaficha ufa ambao mnapaswa kuuona kila siku, na siku mkiuza nyumba, fomu ya muuzaji hapo Ohio itawauliza kuhusu msingi na kuta za besimenti.

Tanga nilikojifunza uashi hatukuwa na besimenti. Ohio ndiko nilikoona jinsi udongo unavyosukuma nyumba kutoka ubavuni, na tangu hapo kazi yangu imekuwa hiyo. Udongo wa sehemu nyingi za huko ni wa mfinyanzi: ukinywa maji unavimba, ukikauka unasinyaa, na msimu wa baridi unaweza kuganda hadi karibu futi 3 kwenda chini. Ndiyo maana ufa wenu uko pale ulipo na si miguuni mwa ukuta. Tofali za bloku zina matundu ndani, na kuta za umri huo mara nyingi hazikuwekwa nondo. Zinabeba vizuri uzito unaotoka juu. Msukumo wa ubavuni hazikupangiwa.

Sasa fikiria maji peke yake. Udongo ukilowa hadi kina cha futi 6, maji hayo yanausukuma ukuta wenu wa futi 28 kwa nguvu ya tani 14 na zaidi, bado hatujahesabu udongo wenyewe. Kwa hiyo kabla ya kulipa mtu, toka nje siku ya mvua uangalie bomba la gata linamwaga wapi. Nimekuta nyumba nyingi bomba hilo limekatika karibu na ukuta, maji ya paa zima yanazama palepale kwenye msingi. Kipande cha bomba cha kuyapeleka futi 6 hadi 10 mbali ni dola chache. Ardhi nayo iteremke kutoka kwenye nyumba, inchi 6 ndani ya futi 10 za mwanzo. Njia yenu ya gari ya zege ikiwa imezama upande wa nyumba, basi imekuwa mfereji wa kuleta maji ukutani, na kuinyanyua au kuimwaga upya ni sehemu ya matengenezo hata kama hakuna kampuni iliyoitaja.

Nimezisoma karatasi zote mbili. Ya kwanza ni mikanda 6 ya nyuzi za kaboni inayobandikwa ukutani kwa gundi ya epoksi. Ya pili ni nanga 5 za chuma, halafu mfereji ndani ya sakafu kuzunguka kuta zote nne, pampu na shimo lake. Yaani, kwa makisio yangu, zaidi ya nusu ya zile dola 21,000 ni kazi ya maji, wala si ya ukuta. Huwezi kulinganisha bei hizo mpaka wakutenganishie kila kitu na bei yake. Kama besimenti haijawahi kutoa maji sakafuni, waulize kwa nini wanataka kuvunja sakafu ya kuta tatu zilizonyooka.

Kuna jambo lililonisikitisha zaidi. Nanga hufungwa kwa fimbo ya chuma inayopita ukutani hadi kwenye bamba lililofukiwa uani, kwa kawaida futi 10 au zaidi kutoka nyumbani, kwenye udongo ambao haujachezewa. Ninyi mna futi 9. Mabamba hayo yataingia kwa jirani, na zege la njia ya gari litatobolewa. Aliyewapa bei hiyo hakushika futi kamba.

Mikanda ya kaboni huzuia ukuta usiendelee kupinda. Haiunyooshi. Kwa tumbo lisilozidi inchi 2 mara nyingi inafaa, na ninyi mko ndani ya kipimo hicho, lakini kwa sharti kwamba mstari wa chini wa tofali haujateleza kuja ndani, na kwamba kila mkanda umefungwa juu kwenye mbao za sakafu ya juu na chini kwenye msingi. Mkanda uliobandikwa katikati tu hauna kazi. Kama chini kumeteleza, mtahitaji nguzo za chuma zinazosimama kutoka sakafuni hadi kwenye boriti za juu. Hapo bei inategemea boriti zimelala upande gani: zikiwa sambamba na ukuta, lazima ziongezewe mbao za kuzikaza, na hiyo ni kazi ya ziada. Kubomoa na kujenga upya, nyumba ikiwa imeshikiliwa kwa jeki, ni makumi ya maelfu ya dola. Hamjafika huko. Mkiendelea kusubiri miaka na miaka, mnaweza kufika.

Fanyeni hivi. Ning'inizeni timazi (kamba yenye kizito mwishoni) kwenye boriti karibu na ukuta, mpime umbali juu, katikati na chini, kila baada ya futi 4, muandike tarehe kwa penseli kwenye ncha za ufa. Kisha mwiteni mhandisi wa majengo anayejitegemea, asiyeuza mikanda wala nanga. Ada yake ni dola mia kadhaa, na ripoti yake ndiyo mtakayowapa makampuni matatu wapige bei ya kazi ileile. Ulizeni nani anachukua kibali, na kama dhamana itahamia kwa atakayenunua nyumba. Bima ya nyumba kwa kawaida hailipi msukumo wa udongo, msiitegemee. Ikiwa mtu atachimba nje, pigeni simu 811 kwanza. Hiyo ndiyo namba ya kuomba muwekewe alama za mabomba na nyaya zilizofukiwa, na ni bure. Na punguzo la leo tu, liacheni lipite. Nyumba ya kwanza ya familia ugenini haifai kuamuliwa jioni moja, muuzaji akiwa amekaa mezani kwenu.

SWALI: Fundi, shikamoo. Mwanza, kiwanja chetu kiko mlimani. Ukuta wa mawe unaozuia udongo nyuma ya nyumba umeanza kulala baada ya masika. Tuuegemeze ukuta mwingine? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Marahaba. Hapana. Angalia kwanza kama una matundu ya kutolea maji upande wa chini na kokoto nyuma yake. Nyingi ninazoonyeshwa hazina, maji yanakusanyika nyuma mpaka ukuta unachoka. Kateni mfereji juu ya mteremko upeleke maji pembeni, msirundike mchanga wala mawe upande wa juu wa ukuta, na mtafuteni mhandisi auone kabla ya mvua zijazo. Kutoboa matundu kwenye ukuta ambao tayari unatembea ni hatari, msimwachie kibarua. Chumba kilicho chini ya ukuta huo asilalie mtu mpaka ushughulikiwe.