Maswali na majibu: Bobby Jones na mkwaju ambao hakuna aliyeuona

Barua za safari hii karibu zote zinamhusu Bobby Jones, yule mcheza gofu na mwanasheria wa Atlanta, Marekani, aliyewapiga wachezaji wa kulipwa akiwa wa ridhaa. Nimechagua zile zenye swali ndani yake. Zilizobaki zilikuwa pongezi kwa marehemu.

Jones alilipwa kiasi gani aliposhinda mataji manne mwaka 1930?

Hakulipwa hata senti. Alikuwa mchezaji wa ridhaa.

Nani bora: Jones, Jack Nicklaus au Tiger Woods?

Swali hili haliishi kuja, na wanaouliza hawasemi wanahesabu nini. Ukihesabu mataji makubwa ya wachezaji wa kulipwa tu, Nicklaus anayo 18, Woods 15, Jones 7. Ukihesabu kama walivyohesabu enzi za Jones, yaani Open mbili (mashindano ya wazi kwa wote) za Marekani na Uingereza pamoja na mashindano mawili ya ridhaa ya nchi hizo, anayo 13, yote kati ya 1923 na 1930. Hayo manne kayashinda ndani ya mwaka mmoja, na hakuna aliyerudia. Sasa chagua rula yako kwanza, ndipo uniandikie. Nikiletewa tena "nani bora" bila rula, sijibu.

Kisa cha 1925, cha Jones kujiadhibu mwenyewe, ni cha kweli au ni chumvi za watu? Na kama hakuna aliyeona, alipata faida gani?

Ni cha kweli. US Open ya mwaka huo ilichezwa Worcester, Massachusetts. Mzunguko wa kwanza, shimo la 11, mpira wa Jones ulikuwa kwenye majani marefu kando ya grini, lile eneo la majani mafupi lenye shimo. Alipoweka fimbo chini nyuma yake ajiandae kupiga, mpira ukasogea. Akamwambia Walter Hagen, aliyekuwa anacheza naye, kwamba anajiongezea mkwaju mmoja, yaani pigo moja katika hesabu yake. Hagen hakuwa ameona kitu. Waamuzi nao hawakuona, wakajaribu hata kumshawishi aachane na habari hiyo, mwisho wakamwachia aamue mwenyewe. Akaamua. Kadi yake ya kuandikia mikwaju ikasomeka 77 badala ya 76.

Twende sasa mwisho wa mashindano, maana hapa ndipo wengi wanaposimulia nusu. Baada ya mizunguko minne Jones na Willie Macfarlane walifungana kwa mikwaju 291. Kwenye gofu anashinda mwenye mikwaju michache: toa ule mmoja, Jones ni bingwa na watu wanakwenda nyumbani. Badala yake wakacheza marudiano ya mashimo 18, wakafungana tena, 75 kwa 75. Wakaongeza 18 mengine, Macfarlane akapata 72 na Jones 73. Amepoteza taji kwa mkwaju mmoja, baada ya kulikosa siku moja kabla kwa mkwaju mwingine aliojiandikia mwenyewe.

Unauliza faida. Jones mwenyewe alikerwa na sifa alizomwagiwa. Alisema kumsifu kwa hilo ni sawa na kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Nami nasimama upande wake. Gofu haina refa wa kukukimbilia nyuma na filimbi. Mchezaji ndiye wa kwanza kujua mpira umesogea, na mara nyingi ndiye pekee. Akinyamaza, wote wanaoshindana naye siku hiyo wanapambana na kadi ya uongo. Kinachonichosha ni hawa wanaokisimulia kisa hiki kwenye sherehe za kugawa zawadi, kisha kesho yake wanapiga mpira wa pili pale mwanzo kwa sababu wa kwanza "haukuwapendeza", na wanaandika mkwaju mmoja. Mwacheni Jones apumzike, andikeni kadi zenu.

Mpira wangu ulisogea kwenye grini nilipougusa kwa bahati mbaya. Nijiadhibu kama Jones?

Hapana. Tangu 2019, ukiusogeza mpira kwa bahati mbaya kwenye grini unaurudisha ulipokuwa, huna adhabu. Lakini usijisahau: kwenye majani marefu, kama yale ya Worcester, adhabu ya mkwaju mmoja bado ipo ukiwa wewe ndiye uliyesababisha usogee, isipokuwa ulikuwa unautafuta. Na unaurudisha ulipokuwa kabla ya kupiga. Wengi hukumbuka adhabu wakasahau kurudisha, wakapiga kutoka mahali pasipo pake, wakajiongezea balaa juu ya balaa.

Je, Jones alizaliwa muungwana?

Alizaliwa 1902 na moto kichwani. Kijana huyu alikuwa anarusha fimbo. Mwaka 1921, kwenye mashindano ya ridhaa ya Marekani, fimbo aliyoirusha kwa hasira ilimgonga mtazamaji mguuni, na rais wa USGA, chama cha gofu cha Marekani, akamwandikia kwamba asipojitawala hatacheza tena mashindano yao. Mwaka huohuo, miezi michache kabla, alikuwa ameaibika St Andrews, Scotland. Katika mzunguko wa tatu wa Open ya Uingereza alitumia mikwaju 46 kwa mashimo tisa ya mwanzo, akafika shimo la 11, mpira ukazama bunkani, kwenye shimo la mchanga, haukutoka. Akauokota, akajitoa. Alikuwa na miaka 19, na uwanja aliuona hauna maana.

Mwaka 1927 akarudi uwanja uleule, akashinda kwa 285, kisha akaomba kombe libaki palepale kwa wenyeji badala ya kwenda nalo Marekani. Mwaka 1936, akiwa amekwishastaafu, alipita kucheza mzunguko wa kawaida tu na marafiki. Mji ukasikia, maelfu wakamiminika kumfuata shimo kwa shimo. Mwaka 1958 wakampa uraia wa heshima wa mji, Mmarekani wa kwanza kuupata tangu Benjamin Franklin mwaka 1759. Kwa hiyo mzazi unayeniandikia kwamba mwanao ana hasira na "hana roho ya Jones", hiyo ndiyo roho aliyoanza nayo Jones. Mnyang'anye fimbo siku akiirusha, utaona.

Kwa nini aliacha akiwa na miaka 28? Alichoka?

Mashindano yalimla. Alikuwa hali, anatapika, anapungua kilo kadhaa ndani ya siku chache. Alikuwa na mke, watoto na ofisi ya sheria, na mataji alikuwa amekwisha kuyatwaa. Alipostaafu Novemba 1930 alikubali kutengeneza filamu fupi za mafunzo na Warner Bros., akasema wazi kwamba jambo hilo haliendani na uchezaji wa ridhaa. Wale mnaochukua zawadi za fedha "chini ya meza" na bado mnajiita wa ridhaa, mna la kujifunza hapo.

Ni kweli pombe ndiyo iliyomweka kwenye kiti cha magurudumu?

Si kweli, na acheni kusambaza. Ni siringomielia, ugonjwa wa uti wa mgongo. Gofu aliiacha kabisa 1948, akafariki Desemba 1971.

Unamsifia sana Jones. Mbona husemi kuhusu ubaguzi wa Augusta National?

Nasema leo. Klabu hiyo aliianzisha yeye na Clifford Roberts, na mashindano yake, ambayo sasa ni Masters, yalianza 1934. Mchezaji mweusi wa kwanza kuyacheza ni Lee Elder, 1975. Mwanachama mweusi wa kwanza aliingia 1990, wanawake 2012. Jones alikuwa na sauti kubwa pale kwa takriban miaka 40, na katika uhai wake wote hakuna mchezaji mweusi aliyealikwa. Mtu aliyeshindwa kuficha mkwaju mmoja aliweza kuishi na hilo, na anayemsimulia bila kulitaja anapunguza mikwaju kwenye kadi.

Mwenzangu wa kundi amejiandikia 5 na mimi nimehesabu 6. Tuna urafiki wa siku nyingi. Nisaini kadi yake?

Usisaini. Kadi yenye alama pungufu ikishakabidhiwa, yeye anaondolewa mashindanoni, na wewe uliyesaini huku unajua unastahili kuondolewa pia. Kaeni chini mhesabu mkwaju kwa mkwaju kabla ya kukabidhi. Mkishindwa kukubaliana, mpelekeeni mwamuzi kadi ikiwa bado haina saini yako.