Mwanangu, hao watu wa maabara nawajua

Mwanangu mpendwa,

Meseji yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kwenye hiyo maabara ya lugha na akili huko ng'ambo utafanya kazi na watu wa aina gani, na kama uende ama ubaki Makerere. Hao watu mimi nishawapikia chai.

Ni wakati tunakaa kota za polisi Jinja, babu yako hajastaafu, wewe bado unatambaa. Wakaja na gari na makaratasi ya picha kupima watoto, na kwa vile Kiswahili cha kambini ndio kilitulea na kiingereza nilikuwa nacho, nikawa mkalimani wao wiki tatu. Profesa tulimwona siku moja, akashuka, akasalimia, akapanda gari. Kazi yote ilikuwa ya binti mmoja wa PhD, na mimi, na kijana wa jirani aliyebeba viti.

Siku nyingine mtoto akaonyeshwa picha ya saa, mshale mfupi uko kwenye 9. Saa ngapi? Saa tatu, akajibu mbio hata hajafikiri, na binti akaweka alama ya kosa! Nikamwambia dada futa, sisi saa tunahesabu toka asubuhi, 7 yenu ndio saa moja yetu, hata Kiganda ni hivo hivo. Akanyamaza, akachukua raba akafuta mpaka karatasi ikatoboka, na usiku tukawasha taa tukarudia makaratasi yote ya nyuma, moja moja, tunacheka. Nakuambiaga, swali likiwa bovu usimlaumu anayejibu.

Ripoti ikatoka. Jina la binti mwanzo, la profesa mwisho, ndio desturi yao, aliyefanya kazi anatangulia na mwenye maabara anafunga. Mimi wakaniandika "msaidizi mwenyeji". Mwenyeji! Na chai yangu walikunywa. Pengine binti naye hakuwa na la kusema, mwanafunzi atabishana vipi na profesa... lakini hapana, kalamu alikuwa nayo yeye.

Wewe mwenyewe ulinisomea ile makala ya mtafiti Henrich na wenzake ya 2010, kwamba karibu asilimia 96 ya watu wanaopimwa kwenye majarida makubwa ya saikolojia wanatoka nchi zenye asilimia 12 tu ya watu wa dunia. Sasa wakikumbuka na sisi tuliobaki, nani atakaa pale wakitunga maswali? Maana swali likiwa bovu, nishasema.

Kwa hiyo kabla hujasaini, muulize huyo profesa mkalimani wake wa mwisho aliitwa nani. Angalia kama atajibu hapo hapo ama atafungua laptopu.

Sikwambii nenda, sikwambii baki, wewe ni mtu mzima. Jana nilipita sokoni nikauliza bei ya sweta nzito. Kuuliza tu, sijanunua.

Mama yako