Kodi ya nyumba ya mwaka mzima Chicago: usiilipe kwa mkupuo

SWALI: Kampuni inanihamisha kutoka Dar es Salaam kwenda Chicago kwa viza ya L-1, mimi, mke wangu na mtoto mmoja. Kila nyumba ninayoulizia wanataka alama za mkopo za Marekani, yaani namba inayoonyesha jinsi mtu anavyolipa madeni yake, nami sina. Akiba ninayo. Nimefikiria kumwahidi mwenye nyumba kodi ya mwaka mzima mbele, kama tulivyozoea huku kwetu. Kuna ubaya?

JIBU: Ubaya upo, ndugu yangu. Dar ukilipa mwaka unanunua utulivu: mwenye nyumba hakusumbui mpaka muda uishe. Chicago utulivu huo unaupata kwenye mkataba wenyewe, na kodi ya kila mwezi ndiyo fimbo yako.

Jiji lina sheria yake ya wenye nyumba na wapangaji, iliyopitishwa mwaka 1986. Kitu kidogo kikiharibika na mwenye nyumba akawa anakupiga danadana, unamwandikia barua. Siku 14 zikipita bila matengenezo, unaita fundi na kukata gharama kwenye kodi, hadi dola 500 au nusu ya kodi ya mwezi, kutegemea ipi ni kubwa. Joto likikatika, ukishampa taarifa ya maandishi unaweza kutafuta njia nyingine ya kupasha nyumba joto na kumkata vilevile. Sasa kama ulishamlipa mwaka mzima, utamkata wapi? Inabaki kumfungulia kesi, ukiwa mgeni, mtoto anatetemeka ndani.

Hilo la joto lichukulie kwa uzito, maana Januari ya Chicago si ya kubahatisha. Kuanzia 15 Septemba hadi 1 Juni, mwenye nyumba anayetoa joto lazima afikishe angalau nyuzi 68 za Farenhaiti mchana na 66 usiku, yaani takribani 20 na 19 za Selsiasi. Majengo mengi ya zamani ya matofali yana boila moja chini, na joto limo ndani ya kodi. Kwingine kila nyumba ina mtambo wake na bili ni yako. Usilinganishe bei za nyumba mbili kabla hujauliza hili. Ya bei nafuu inaweza kukugharimu zaidi baridi ikiingia.

Badala ya kodi ya mwaka, toa karatasi. Barua ya mwajiri yenye cheo, mshahara na tarehe ya kuanza kazi ina nguvu kuliko unavyodhani, kwa sababu kipimo cha kawaida ni mshahara unaofika mara tatu ya kodi. Ongeza taarifa za benki na barua ya mwenye nyumba wako wa sasa, kwa Kiingereza. Mwombe pia mwajiri akudhamini. Kampuni iliyokugharamia viza mara nyingi hukubali, ila haijitolei yenyewe.

Bado wanasita? Ahidi amana kubwa zaidi, yaani fedha ya dhamana unayorudishiwa ukihama, tuseme ya miezi miwili. Illinois haijaweka kikomo cha amana, na sheria ya jiji inailinda vikali: ikae benki kwenye akaunti ya peke yake, upewe risiti, na mwenye nyumba akikiuka anaweza kuamriwa kukulipa mara mbili yake. Kwa kuogopa adhabu hiyo wengi hawachukui amana kabisa, wanatoza ada ya kuhamia isiyorudishwa. Soma vizuri ni ipi unayolipa.

Kampuni kubwa za majengo huchuja maombi kwa kompyuta, na asiye na alama huanguka mapema. Mtu mwenye jengo dogo la ghorofa mbili tatu, maeneo kama Rogers Park au Albany Park, atakaa akusikilize. Lakini angalia: jengo lenye nyumba sita au pungufu ambamo mwenyewe anaishi haliguswi na sheria hiyo ya jiji. Hapo kila unachotaka, amana na matengenezo, kiandikwe kwenye mkataba.

Kuhusu alama zenyewe, subiri kama siku 10 baada ya kufika, kisha nenda ofisi ya Social Security (hifadhi ya jamii) na pasipoti yako na I-94, yaani rekodi ya kuingia kwako Marekani, ukaombe namba ya hifadhi ya jamii. Ukiipata, chukua kadi ya mkopo yenye dhamana, ambayo kikomo chake ni fedha uliyoweka wewe. Nunulia vitu vidogo na ulipe deni lote kila mwezi. Alama za FICO, ndizo alama za mkopo zinazotumika zaidi, huhitaji angalau miezi sita ya historia, kwa hiyo utakuwa nazo kabla mkataba wa kwanza haujaisha.

Mwisho, matapeli. Wanaiba picha za nyumba ya mtu, wanaitangaza kwa bei ya chini, kisha wanadai wako nje ya nchi na wanataka fedha kwanza. Mtu anayejitangaza kuwa tayari kulipa mwaka mzima akiwa Dar ndiye wanayemtafuta. Mwombe mwajiri akupe makazi ya muda kwa mwezi mmoja, ukaione nyumba kwa macho yako. Na kabla ya kusaini, chukua anwani, tafuta namba ya kiwanja yenye tarakimu 14 kwenye tovuti ya mthamini wa Cook County, kaunti ya Chicago, kisha uangalie kwenye kumbukumbu za hati za karani wa kaunti kama jina la mmiliki ndilo lililo kwenye mkataba wako. Likiwa jina la kampuni ya usimamizi, omba barua inayoonyesha mmiliki ameiruhusu kupangisha.