Nina keratokonasi, lenzi zinaniwasha ikifika jioni

SWALI: Shikamoo dokta. Nina miaka 23, nasoma chuo Dodoma. Nimeambiwa nina keratokonasi macho yote, yaani konea, kile kioo cha mbele cha jicho, inakuwa nyembamba na kuchomoza kama koni, miwani haisaidii tena, nikapewa lenzi ngumu za kuvaa jichoni. Asubuhi naona freshi kabisa ila ikifika jioni macho yanawaka hadi nashindwa kusoma, rumeti wangu anasema nizisuuze tu na maji ya bomba nirudishe. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la maji ya bomba liache leo leo, hata ya kuchemsha usitumie, wala mate, kwenye maji kuna kijidudu kinaitwa akanthamiba kikishambulia konea kinaweza kukupofusha na matibabu yake ni ya miezi. Tumia dawa ya lenzi tu, nawa mikono kwa sabuni uikaushe kabisa, na usilale nazo. Kuwaka jioni mara nyingi ni ukavu au lenzi haijakaa sawa, na konea yenye keratokonasi inabadilika umbo kwahiyo rudi wakupime upya, waulizie na lenzi za sklera, zile kubwa zinazoegemea kwenye weupe wa jicho, wengi wanazivumilia vizuri zaidi japo bei yake iko juu. Jicho likiwa jekundu, likiuma au mwanga ukikuchoma, toa lenzi uende kliniki siku hiyohiyo. Na tafadhali sana usifikiche macho! Kama ni aleji inakuwasha, omba matone. Kwa umri wako ugonjwa bado unaweza kusonga, ulizia krosi-linkingi, ni matone ya vitamini B2 na mwanga wa UV vinaikaza konea, lenzi utaendelea kuvaa ila inasaidia jicho lisizidi kuharibika.