Ampu Inunuliwe Mwisho

Wiki haipiti bila mtu kusimama mbele ya meza yangu hapa Mwanjelwa, Mbeya, ampu (amplifaya, ile inayozipa spika nguvu) iko bado ndani ya boksi, ananiuliza: "Fundi, hii ina wati ngapi za kweli?" Nami namuuliza: spika zako ziko wapi? Wengi hucheka. Spika hawajanunua. Wameanza na ampu kwa sababu ndiyo yenye taa na vitufe, kama mtu anayenunua tairi kabla hajajua kama atapanda baiskeli au atabebea viazi kwenye Fuso.

Nawaandikia nyinyi mnaoanza, mnaotaka muziki wa sebuleni. Wa harusi na mikutano ya hadhara wana mambo yao.

Tuanze na wati, maana huko ndiko hela zinakopotelea. Kila spika iliyotengenezwa kwa uangalifu ina namba ya usikivu, inaandikwa kwa desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti: ukiilisha wati moja na kusimama mita moja mbele yake, inatoa sauti ya kiasi gani. Spika nyingi za nyumbani ziko kati ya 84 na 93. Wati moja tu kwenye spika ya 88 inatosha mtu aliye jikoni aje kuuliza kuna nini. Nawaambia wateja hivyo hawaamini, mpaka niwawekee mita ya kupimia sauti.

Sasa hesabu yenyewe. Ukiongeza wati mara mbili, sauti inapanda desibeli 3, na sikio linaona tofauti ndogo. Ili sikio lako likubali kwamba muziki umekuwa mkubwa maradufu, unahitaji wati kama mara kumi. Kwa hiyo anayeacha ampu ya wati 50 akanunua ya 70 amenunua maandishi. Lakini anayetoka kwenye spika ya desibeli 84 kwenda ya 93 amepata desibeli 9, yaani ni kama ampu yake imezidishwa mara nane. Wati 10 zinafanya kazi ya 80, na hajaigusa ampu. Ndiyo maana nasema ianze spika.

Kuna ampu moja ya Uingereza, NAD 3020, ilitoka 1978. Wati 20 kila upande kwenye spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa spika, nitakifikia), uso wa kijivu usio na mbwembwe. Iliuzwa sana na hadi leo watu wanaitafuta. Siri yake haikuwa namba iliyoandikwa. Ilikuwa na nguvu ya akiba kwa yale mapigo mafupi ya ngoma, na haikukata tamaa ikikutana na spika ngumu kuiendesha. Ukikumbuka hiyo 20, ile "3000W" iliyochapwa kwa dhahabu kwenye kasha la plastiki itakuchekesha.

Hiyo 3000 huwa ni PMPO, namba ambayo kila kiwanda kinajipangia kinavyotaka. Wamarekani walichoshwa mapema na mchezo huu. Mwaka 1974 tume yao ya biashara ilitoa kanuni ya jinsi wati za ampu za nyumbani zinavyotakiwa kupimwa na kutangazwa. Sisi dukani tunajilinda kwa macho. Igeuze ampu nyuma, usome kibandiko cha umeme. Kama kimeandikwa 230V, 60W, basi hicho ndicho inachokula, na hakuna mashine inayokula kikombe ikatoa ndoo. Si kipimo kamili, kwa kuwa kampuni nyingi huandika ulaji wa muziki wa kawaida, hivyo ampu ya kweli inaweza kuzidi kibandiko chake kwa muda mfupi. Ila haizidi mara hamsini. Tafuta neno RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo, na liwe limeandikwa pamoja na omu ngapi. Wati bila omu ni bei bila kipimo: shilingi elfu mbili, ya nini? Ya debe au ya kisado?

Kwenye omu ndipo ampu nyingi zinapofia, na meza yangu ni shahidi. Spika ya nyumbani kwa kawaida ni omu 8, 6 au 4. Namba ikishuka, spika inavuta umeme mwingi zaidi kutoka kwenye ampu. Ukiunga spika mbili za omu 8 sambamba kwenye tundu moja, ampu inaona omu 4. Ukiunga nne, inaona 2, na kwa ampu nyingi za sebuleni hapo umeshaandika barua ya kunitembelea. Redio kubwa za zamani zina swichi ya kuchagua seti ya spika: A, B, na A+B, yaani zote mbili. Watu wanaipenda hiyo ya tatu. Nyingi kati yake huunga seti zote mbili sambamba, na nyuma pameandikwa kabisa kwamba ukitumia A+B kila spika isipungue omu fulani. Maandishi hayo husomwa na mimi, baada ya moshi.

Halafu hizi ampu ndogo za siku hizi, zile za ukubwa wa kiganja zenye Bluetooth. Nilizidharau mwanzoni, nakiri. Ni daraja D: zinawasha na kuzima transista mara laki kadhaa kwa sekunde, kwa hiyo joto ni dogo na umeme haupotei sana. Nyingi zinabeba aisii (chipu) ya familia ya TPA3116 ya Texas Instruments, na kwenye tangazo pameandikwa 50+50. Inaweza kweli, lakini ukiipa adapta inayostahili na spika za omu 4. Wewe umechomoa adapta ya volti 12 kwenye king'amuzi kibovu, spika zako ni omu 8, kisha unalalamika haina nguvu. Chukua volti, zidisha kwa zenyewe, gawa kwa omu mara mbili: 12 mara 12 ni 144, gawa kwa 16, unapata wati 9. Hapo ndipo mwisho wake kabla sauti haijaanza kuchafuka. Weka adapta ya volti 24 yenye ampea za kutosha, inakuwa 36. Aisii ni ileile, mara nne.

Uzuri wake ni kwamba hiyo volti 12 ni betri ya sola. Nina mteja wa kule Makete, mwalimu mstaafu, anasikiliza kwaya zake jioni nzima kwa betri moja na spika kuukuu za mbao zenye usikivu mzuri. Wati 9 kwa upande zinamtosha, na mzee huyo hasikilizi kwa sauti ndogo.

Onyo moja kwa wenye hizi ndogo. Waya mweusi wa spika hapa hauna uhusiano na bodi wala ardhi, nao unabeba muziki kama mwekundu. Usiunganishe nyeusi za kulia na kushoto pamoja ili kuokoa waya, kama watu walivyozoea kwenye redio za zamani. Inaweza kufa, na mara nyingi aisii yake hailipi kubadilishwa.

Nije kwenye mtumba, ambako binafsi ndiko napenda. Ampu nzito ya miaka ya themanini au tisini, yenye transfoma ya kweli na hitisinki nene (bati la kupozea transista), bado inazishinda nyingi mpya za bei ileile. Lakini mtumba una mitego, na wa kwanza nilinaswa nao mwenyewe.

Nilikuwa kijana, nimeshuka Dar, nikaona ampu nzuri imetoka Japani. Niliibeba kwenye basi, mapajani, kutoka Dar mpaka Mbeya, sikuikabidhi kwa konda. Usiku huohuo nikakata ile pini yake bapa, nikafunga pini yetu ya miguu mitatu, nikachomeka. Ilivuma, ikatoa harufu ya samaki aliyeungua, fyuzi ikaondoka, na transfoma ikaifuata. Japani umeme wa nyumbani ni volti 100. Wetu ni 230. Nyuma palikuwa pameandikwa 100V kwa herufi kubwa kuliko jina langu, nami nilikuwa nimeangalia mbele tu, sindano za VU, zile zinazocheza na sauti, zinavyong'aa.

Kwa hiyo: mtumba wa Japani ni 100, wa Marekani ni 120. Zinafaa, ila nunua transfoma ya kushushia, na ukubwa wake uzidi ulaji ulioandikwa kwenye ampu, heri hata mara mbili. Bei hiyo iingize kwenye mapatano kabla hujatoa hela. Chache zina swichi ya kuchagua volti nyuma, hizo zishike.

Ukienda kununua mtumba, nenda na spika ambayo hutaililia, simu yenye muziki unaoujua, na tester ya kupimia umeme. Washa ukiwa umepunguza sauti mpaka mwisho. Ampu nyingi nzuri husubiri sekunde chache kisha unasikia "ta!" ndani: ni rilei, swichi inayojiwasha yenyewe, inaunganisha spika baada ya kujiridhisha kuwa mambo ni salama. Ile yenye rilei isiyotoa "ta" mara nyingi imegundua ugonjwa ndani yake. Muuzaji atakuambia ni waya tu umelegea. Mwache nao.

Kabla ya kuunga spika, weka tester kwenye volti za DC, pima kati ya nyekundu na nyeusi ya kila upande. Milivolti chache, hata ishirini au thelathini, endelea. Ukikuta volti nzima, achana nayo, maana umeme huo wa moja kwa moja utaisukuma wufa (spika ya besi) mbele na kuichoma ikiwa imekaa palepale. Kisha zungusha voliumu. Ikikwaruza kama mchanga, usiogope. Ni vumbi na kutu, dawa ya kusafishia swichi na kuizungusha mara thelathini hutosha, na hapo ndipo unapopunguzia bei. Ikivuma "mmm" nzito hata sauti ikiwa sifuri, kapasita kubwa, yale makopo ya kutunzia umeme ndani, zimezeeka. Zinabadilishika, ila fanya hesabu. Iache iwake nusu saa huku mnaongea. Ubovu mwingi unajitokeza ikipata moto, na wauzaji wanajua hilo, ndiyo maana wana haraka.

Funika pua yako tayari kwa kufungua kifuniko: mkojo wa panya unaila bodi kuliko kitu chochote. Mende wana nafuu.

Watu wanadhani spika huungua kwa sababu ampu ni kubwa mno. Mara nyingi naletewa twita (spika ndogo za sauti za juu) zilizouawa na ampu ndogo. Ukiilazimisha ampu kupita uwezo wake, wimbi la sauti linakatwa kichwa, linakuwa bapa juu na chini, na mkato huo unazaa sauti nyingi za juu ambazo zote zinakimbilia kwenye twita, yenye waya mwembamba kama unywele. Ukisikia sauti ya mwimbaji imekuwa na mikwaruzo kama anaimba na bati mdomoni, rudisha voliumu hata kama bado kuna nafasi ya kuzungusha. Namba zilizo kwenye kitasa hicho hazisemi lolote kuhusu nguvu iliyobaki.

Kwetu huku nyanda za juu kuna mawili ambayo wa Dar hawaandikiwi. La kwanza ni radi. Kuanzia Novemba mpaka Aprili nazipokea ampu zilizopigwa, mbili tatu baada ya kila mvua kubwa. Friji gadi ni nzuri kwa umeme unaopanda na kushuka, lakini radi ikija karibu haiulizi. Chomoa ukutani, na chomoa waya wa antena pia, kwa maana nimeona iliyoingiliwa kwa njia hiyo. La pili ni vitambaa. Akina mama wa Mbeya wanafuma vizuri, na ampu hupambwa kitambaa na juu yake maua. Ampu ya daraja AB, zile nzito za kawaida zenye joto, inapumulia juu. Baridi ya Juni inasaidia, ila tuko mita kama 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi na inabeba joto kidogo kuliko ya pwani. Kitambaa kihamie kwenye televisheni.

Sabufa? Kwa filamu na mpira sina ugomvi nayo. Kwa rumba, ambapo gita la besi linatembea noti kwa noti, nyingi zinaimba noti moja tu, "bum", kila mahali. Bajeti ikiwa ileile, nachukua ampu ndogo na spika mbili za sanduku.

Wenye santuri zao za urithi wajue santuri inahitaji tundu lililoandikwa PHONO. Sauti ya sindano ni milivolti chache, ya CD hufika volti 2; ukiichomeka kwenye tundu la kawaida utasikia muziki kama uko nyumba ya tatu.

Waya za spika zisikusumbue. Kwa mita tano, waya wa milimita 1.5 za mraba kutoka duka lolote la vifaa vya umeme unatosha, na hela iliyobaki iongeze kwenye spika. Hakikisha tu nyekundu inaenda kwa nyekundu pande zote mbili. Upande mmoja ukigeuka, besi inapotea katikati ya chumba, na utaniletea ampu nzima kwa bodaboda, mimi nitageuza waya mmoja, na nitakudai hela ya ufundi.