Ukianza kupima usahaulifu wa wazee kwa roboti

Wengi mnaojiunga na kazi hii mmetoka kwenye kompyuta, na swali lenu la kwanza huwa ni roboti gani itumike. Hilo lisubiri. Anzeni na kipimo chenyewe.

MoCA, kipimo cha kumbukumbu na kufikiri kilichotoka 2005, kina alama 30, na anayepata chini ya 26 hutiliwa shaka. Ndani yake kuna kuchora mchemraba na saa. Mzee asiyewahi kushika penseli ataanguka hapo na akili zake timamu. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa kipimo cha IDEA waliachana na penseli: mzee hupewa njiti nne za kiberiti apange umbo aliloonyeshwa. Roboti ikipewa kipimo kisichomfaa mzee itakosea vilevile, ila kwa adabu zaidi.

Wa programu za kutambua usahaulifu kwa sauti mtakutana na data ya Pitt, sauti za wagonjwa na wazima zilizorekodiwa Marekani miaka ya 1980: watu wanaeleza mchoro wa jikoni, mtoto anaiba biskuti, sinki inafurika. Wapo waliorekodiwa zaidi ya mara moja. Mtu mmoja akiwemo kwenye data ya kufundishia na ya kujaribia, modeli, yaani programu inayojifunza kutoka kwenye data, itakariri sauti yake tu. Kata pia sauti ya mhoji, maana humsaidia zaidi anayekwama, na modeli itamsikiliza yeye badala ya mgonjwa. Hili hupuuzwa mno. Halafu kuna kutua katikati ya maneno: modeli nyingi huhesabu kimya kuwa dalili, ilhali mzee wa Machame anayewaza kwa Kichaga na kujibu kwa Kiswahili lazima atue.

Roboti ina faida, sikatai. Huuliza kwa mwendo uleule, haigunii jibu, na hupima muda wa kujibu. Lakini pimeni masikio kwanza. Sauti nyembamba za kitoto wanazopenda watengenezaji ndizo uzee hupoteza mapema. Na roboti iamkie! Ikimrukia bibi na “leo tarehe ngapi?” bila shikamoo, atanuna, na kununa kwake kutaandikwa sifuri.

Alama zipelekwe kwa daktari, zisitokee kwenye skrini mbele ya mzee. Sonona, upungufu wa vitamini B12 na hata dawa za usingizi huleta usahaulifu unaofanana, na huo mara nyingi hutibika. Muulizeni anayeishi naye: bado anahesabu chenji? Hupotea njia ya kanisani? Husahau sufuria motoni? Majibu hayo yatengewe nafasi kwenye fomu kabla hamjaandika mstari wa kwanza wa programu.