Mapenzi Nayo Yaache Ushahidi

Skripti yangu ya kwanza ya tamthilia ya upelelezi ilirudi na swali moja la kalamu nyekundu pembeni mwa ukurasa wa 31: "Hawa ni wapenzi tangu lini?" Hawa walikuwa wanawake wawili, mmoja mpelelezi wa kesi za mauaji, mwingine daktari anayechunguza maiti. Niliwaandika kwa moyo wangu wote. Kwenye episodi ya nne niliwapa busu refu kwenye korido ya chumba cha maiti, mvua ikipiga madirisha, nikaamini kabisa kwamba atakayesoma atatokwa na machozi. Aliyeisoma akauliza tangu lini.

Nilikaa na hasira wiki nzima. Nilijiambia aliyesoma hataki tu kuona wanawake wawili wakipendana. Hasira ilipopoa niliichukua skripti nikaipekua kama faili la kesi, ukurasa kwa ukurasa, nikitafuta mahali mapenzi yale yalipoanzia. Sikupaona. Kwa episodi tatu nzima wanapeana ripoti kwa adabu, wanasalimiana, wanaagana, kisha ghafla wako kwenye korido. Swali lilikuwa la haki. Naliandika hapa kwa sababu tangu siku ile nimesoma skripti nyingi za wenzangu, na kosa langu nalikuta humo mara kwa mara, hata kwa waandishi wenye kipaji kunishinda.

Jambo ambalo sikulielewa ni hili. Mtu anayetazama tamthilia ya uhalifu hatazami kama mtu mwingine yeyote. Anatazama kama askari. Amekariri saa iliyovaliwa mkono wa kulia, mlango ulioachwa wazi, shahidi aliyemeza mate kabla ya kujibu. Umemfundisha mwenyewe asiamini neno la mtu bila kielelezo. Sasa mtazamaji huyo huyo unamletea mapenzi yasiyo na kielelezo hata kimoja, unataka ayapokee kwa kauli yako tu. Atayakataa, kama anavyokataa maungamo yaliyokuja bila alama za vidole.

Mtaniambia kwamba mapenzi ya mwanamume na mwanamke huandikwa kizembe vivyo hivyo na watu hawalalamiki. Ni kweli, na inaniuma. Lakini pale mtazamaji hujaza mapengo mwenyewe. Hadithi ile ameiona mara nyingi mno, kwa hiyo ukimwonyesha mwanamume na mwanamke wakitazamana sekunde mbili, anajua mwenyewe kilichobaki. Kwa wanaume wawili au wanawake wawili wengi hawana akiba hiyo kichwani. Pengo uliloliacha linabaki pengo. Mzigo huo hatukuuomba, ila ukiketi kuandika uko mezani pako.

Mfano ninaourudia kila ninapozungumza na waandishi wapya ni wa Law & Order ya Marekani. Serena Southerlyn, mwendesha mashtaka msaidizi aliyeigizwa na Elisabeth Röhm, aliingia kwenye tamthilia ile mwaka 2001. Januari 2005, katika onyesho lake la mwisho, bosi wake anamfukuza kazi, naye anauliza kama ni kwa sababu yeye ni msagaji. Bosi anamwambia hapana. Onyesho linakwisha, na mhusika anaondoka moja kwa moja. Miaka zaidi ya mitatu ya mahakama na mahojiano, na hakuna hata simu moja ya nyumbani iliyomwandaa mtazamaji kwa sentensi ile. Sisemi kwamba alipaswa kutangaza. Watu wengi hawatangazi kazini. Nasema kwamba mtu anayeficha naye huacha alama, tena huacha nyingi kuliko asiyeficha: jibu fupi mno kwenye swali la wikendi, picha moja tu mezani ya mbwa, kuondoka mapema kwenye sherehe ya ofisi. Kuficha ni kitendo, na kitendo kinaonekana. Ukikiandika, siku ya kujulikana mtazamaji anarudi nyuma kichwani na kusema, kumbe ndiyo maana.

Waliofanya vizuri kuliko wote, kwa macho yangu, ni waandishi wa The Wire, tamthilia ya Marekani iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2008. Pale mapenzi hayakuwekwa pembeni mwa kesi. Omar Little, mwanamume anayewapora wauza dawa za kulevya wa Baltimore kwa bunduki, ana mpenzi, Brandon. Tunawaona wakipanga kazi pamoja, wakivizia pamoja, mkono wa mmoja ukipita begani mwa mwingine wakati wanazungumza habari ya fedha. Hakuna muziki. Hakuna anayesimama kutueleza. Halafu wanaiba kwa genge wasilopaswa kuligusa, Brandon anaonekana mahali akicheza, simu inapigwa, na asubuhi maiti yake iliyoteswa inakutwa imelazwa juu ya gari ambapo kila mtu ataiona.

Omar anapelekwa kuitambua maiti. Ndipo anapolia, kilio cha kutoka tumboni. Kuanzia hapo tamthilia yote inabadili njia: mtu aliyeishi kwa kanuni ya kutozungumza na polisi anazungumza na polisi. Msimu wa pili anapanda kizimbani kutoa ushahidi dhidi ya Bird, mmoja wa waliomuua Brandon. Ondoa mapenzi yale na kesi inaanguka, kwa sababu shahidi hana sababu ya kuwa shahidi. Hiki ndicho kipimo ninachokitumia sasa kwa kila skripti, yangu na ya wenzangu. Ninayafuta mapenzi kwa kalamu, kisha naangalia kama faili la kesi bado linasimama vile vile. Likisimama, basi mapenzi yale yalikuwa pambo.

Kwenye tamthilia hiyo hiyo yuko Kima Greggs, mpelelezi anayeishi na mwanamke anayeitwa Cheryl. Nawapenda hawa kwa sababu wanagombana, na wanagombana juu ya mambo ambayo kila askari hugombania na mwenzake nyumbani. Kima anapigwa risasi kazini. Cheryl anamtaka akae ofisini, Kima anakaa, anateseka, anarudi barabarani. Cheryl anataka mtoto, mtoto anazaliwa, Kima anazidi kuchelewa kurudi nyumbani. Katika skripti yangu ya kwanza wale wawili hawakuwahi kugombana. Niliogopa. Nilihisi nikiwaonyesha wakikosana nitawapa silaha watu wasiowapenda, kwa hiyo niliwafanya wema, wavumilivu, wenye maneno mazuri saa zote. Ulikuwa woga wa mtu anayependa, naujua, na wengi wenu mnao. Lakini wapenzi wasiokosana hawafanani na watu wowote ninaowafahamu. Mwandike mmoja wao akiwa amekosea kweli, tena kwenye jambo dogo, na umwache bila kumtetea.

Sasa niseme juu ya lugha, maana sisi tunaoandika kwa Kiswahili tuna kitu cha thamani ambacho mwandishi wa Kiingereza hana. Yeye. Mwenzangu. Mpenzi wangu. Alikuja, akaniamsha, akaondoka. Hakuna hata neno moja hapo linalosema mwanamume au mwanamke. Fikiria unachoweza kufanya nacho kwenye tamthilia ya upelelezi! Shahidi wa kiume anaandikisha maelezo: "Usiku ule sikuwa peke yangu. Mwenzangu aliamka saa nane, akafunga dirisha la barabarani." Mpelelezi anaandika, anafunga daftari, na kwa episodi mbili kikosi kizima kinamtafuta mwanamke aliyefunga dirisha. Wanahoji majirani juu ya mwanamke. Hawampati. Shahidi hakudanganya popote, na mwandishi hakudanganya popote. Waliodanganyika ni wapelelezi, kwa mazoea yao, na mtazamaji pamoja nao. Siku mwanamume anapoingia kituoni na kusema dirisha nililifunga mimi, hakuna atakayeuliza tangu lini.

Angalizo moja la kikazi hapa. Kama tamthilia itawekewa manukuu ya Kiingereza, kaa na mtafsiri mapema, kabla hajagusa episodi ya kwanza. Kiingereza kitamsukuma achague jinsia mapema, na asipokuwa mwangalifu siri uliyoilea kwa episodi mbili itavuja pale chini ya skrini.

Nirudi kwa mpelelezi wangu na daktari. Niliporudi kuandika upya, busu la kwenye korido nililifuta. Nilianza na glovu. Mpelelezi ana mzio wa mpira wa asili. Akivaa glovu za kawaida za lateksi vidole vinawasha na kutoka vipele vyekundu kabla uchunguzi haujaisha. Kwenye episodi ya kwanza anaingia chumba cha maiti, na mezani liko boksi la glovu za bluu za aina nyingine, limeshafunguliwa, glovu ya juu imevutwa nusu ili itoke kirahisi. Anavaa. Daktari haangalii. Wanazungumza juu ya jeraha la shingoni. Ndiyo onyesho zima, mapenzi hayatajwi.

Episodi ya pili daktari hayuko zamu, yuko mwingine, na boksi la bluu halipo. Mpelelezi anavaa zilizopo. Jioni kwenye gari tunaona mikono yake juu ya usukani, myekundu, na mwenzake wa doria anamuuliza kulikoni, naye anasema si kitu. Episodi ya tatu wamekosana, kwa jambo la kijinga la ripoti iliyotumwa kwa mkuu wa kituo bila mpelelezi kuambiwa kwanza. Wanaongea kama wageni. Boksi la bluu liko mezani, lakini safari hii limefungwa, na mpelelezi analichana mwenyewe kwa ufunguo wa gari. Nililia nilipoandika hapo, na nilijua nimewapata.

Mwigizaji akipewa boksi lililofungwa atajua la kufanya na mikono yake. Akipewa mstari unaosema "wanatazamana kwa mahaba makubwa" hana kitu cha kushika. Kama wapenzi wako mmoja ni mhalifu, kanuni ni hiyo hiyo. Katika msimu wa kwanza wa tamthilia ya Killing Eve, mwaka 2018, muuaji Villanelle anamwibia Eve, mwanamke anayemwinda, sanduku lake la nguo, kisha analirudisha likiwa limejaa nguo mpya zinazomkaa sawasawa mwilini. Sanduku lile ni tishio na ni barua ya mapenzi kwa pamoja. Mtu aliyekupima kwa macho tu, bila kukugusa, anaweza kukuua, na hakuna aliyekutazama hivyo kwa miaka.

Tamthilia hiyo ilikwisha Aprili 2022 kwa Villanelle kupigwa risasi mara tu baada ya wawili hao kuwa pamoja kweli. Watazamaji wengi waliumia, na Luke Jennings, aliyeandika hadithi ambazo tamthilia ilitokana nazo, alijitokeza kuupinga mwisho huo hadharani. Sitaongeza mengi. Kifo kina haki ya kuwepo kwenye hadithi za uhalifu. Brandon alikufa, nami nilikiamini kifo chake, kwa kuwa niliona wizi, niliona simu, niliona nani alipiga. Lakini mtazamaji wa hadithi hizi amezika wapenzi wengi mno waliouawa siku moja baada ya furaha yao, na amejifunza kuhesabu. Ukimuua mmoja, hakikisha mkono uliomuua ni wa mhusika mwenye sababu. Mkono wa mwandishi ukionekana, hata miaka ya kazi nzuri inatiwa shaka.

Kwenye toleo langu la kwanza daktari alikufa pia. Nilimfufua, kwa sababu niligundua kwamba akiwa hai ananipa kitu kizito zaidi. Fikiria: mpelelezi aliyekusanya ushahidi na daktari aliyethibitisha sababu ya kifo wanaishi nyumba moja, na hawajamwambia mtu. Kila ripoti iliyopita kati yao sasa ina nyufa. Hii ni hatari ambayo ipo kwenye tamthilia ya uhalifu tu, na nashangaa sana ninapoona waandishi wanaipita. Wapenzi wengine wakijulikana wanapata aibu au furaha. Hawa wakijulikana, muuaji anaweza kutoka huru.

Kwa hiyo kujulikana kwao nilikupeleka mahakamani. Wakili wa utetezi hana picha, hana fununu, hana mtu aliyewaona. Ana daftari la stoo la hospitali. Anamwonyesha daktari, aliye chini ya kiapo, kwamba kwa miaka mitatu amekuwa akijaza fomu ya boksi moja la glovu za bluu kila mwezi, saizi ndogo, ilhali yeye mwenyewe huvaa kubwa, na chumbani kwake hakuna mfanyakazi mwenye mzio. Mpelelezi yuko benchi la nyuma, mikono mapajani. Wakili anaweka daftari juu ya kizimba, anaelekeza kidole kwenye sahihi, na kuuliza: "Daktari, hizi ulikuwa ukimwagizia nani?"

Daktari anamtaja kwa jina lake la kwanza, bila cheo.